Kutoka Kaiser Wilhelm hadi Uhuru: Historia ya Kilele cha Kibo



Kila mwaka tunapokutana kuadhimisha tarehe 9 Desemba, ukutani huwa tunatundika nembo ya taifa. Watoto huiangalia muda mrefu kuliko sisi, na wana swali ambalo wametuuliza zaidi ya mara moja: yule mwanamume na yule mwanamke wamesimama juu ya nini?

Wamesimama juu ya Kilimanjaro. Miguuni pa mwanamume pana mkarafuu, miguuni pa mwanamke pana mpamba, na mikononi wameshika pembe za ndovu. Katikati yao kuna ngao, na sehemu ya juu kabisa ya ngao hiyo, yenye rangi ya dhahabu, ina mwenge unaowaka. Mlima na mwenge havikuwekwa hapo kwa mapambo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, wakati Dar es Salaam watu wamejaa uwanjani wakisubiri bendera ya Mwingereza ishushwe, mwenge uliwashwa juu ya mlima huo na bendera mpya ya Tanganyika ikasimikwa. Kilele kilichopokea bendera hiyo kilikuwa na jina la mfalme wa Ujerumani. Leo kinaitwa Uhuru.

Shuleni hapa Uingereza, mtoto akifungua kitabu kuhusu Kilimanjaro atakutana na majina mawili: Johannes Rebmann aliyeuona mlima, na Hans Meyer aliyeupanda. Watu hao walifika kweli, hatuwezi kukanusha. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyefika peke yake, na mlima haukuwa mtupu ukiwasubiri. Katika toleo hili tumeona tuwasimulie watoto wetu historia ya kilele hicho, ili wakiulizwa darasani wawe na majina mengine ya kutaja.

MLIMA WENYEWE

Kilimanjaro uko kaskazini mwa Tanzania, digrii tatu tu kusini mwa Ikweta. Uko Tanzania, si Kenya, ingawa picha nyingi zinazouzwa duniani zimepigwa kutoka upande wa Amboseli, tembo wakiwa mbele na mlima nyuma. Watoto wetu waliokwisha kubishana na wenzao juu ya jambo hili walikuwa na haki.

Una vilele vitatu. Shira, upande wa magharibi, ni mkongwe uliobomoka na kubaki uwanda wa juu wenye urefu wa karibu meta 4,000. Mawenzi, upande wa mashariki, una meta 5,149 na umechongoka kama meno ya msumeno. Katikati ni Kibo, wenye kichwa cha duara na barafu, na ukingo wake wa juu kabisa una meta 5,895 kutoka usawa wa bahari. Hapo ndipo mahali pa juu kuliko pote Afrika.

Wachaga wana hadithi inayoeleza kwa nini Mawenzi amechongoka. Mawenzi, wanasema wazee, hakuwa mwangalifu na moto wake. Kila ulipozimika alikwenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo alimpa mara ya kwanza, akampa mara ya pili, na mwisho akachoka, akamshushia kipigo ambacho alama zake zinaonekana hadi leo. Bibi zetu waliitumia hadithi hiyo kufundisha watoto kulinda moto wa jikoni.

Kuhusu jina Kilimanjaro, wataalamu wamebishana tangu zamani na hawajamaliza. Wengine husema ni "kilima" cha Kiswahili kilichounganishwa na neno jingine. Wengine huona maneno ya Kichaga yenye maana ya kitu kilichowashinda wasafiri. Wenyeji wa mteremkoni hawakuwa na haja ya jina moja la mlima mzima. Kwao kulikuwa na Kibo, kulikuwa na Mawenzi, na kulikuwa na Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu, Rombo, kila eneo na mangi wake.

"BARIDI"

Mwaka 1848 Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alifunga safari kuelekea Uchagani. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara kwa sababu ya biashara. Tarehe 11 Mei, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alipomwuliza kiongozi wake ni nini, alijibiwa kwa neno ambalo watoto wetu wanalijua vizuri kila Januari: baridi.

Jibu hilo lilikuwa sahihi. Mtu wa pwani hakuwa na neno la theluji kwa kuwa hakuwa na theluji, lakini alijua kilichoko kule juu kinafanya nini. Wenyeji walijua zaidi. Huko Machame ilisimuliwa kwamba Mangi Rungua alikwisha kutuma watu wapande wakaone kile cheupe kinachong'aa kama fedha ni kitu gani. Karibu wote walipotea. Aliyerudi, jina lake Sabaya, alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Hiyo ilikuwa safari ya uchunguzi kama nyingine zote, isipokuwa haikuchapishwa katika jarida.

Ya Rebmann ilichapishwa, na hapa London ilikataliwa. Mtaalamu wa jiografia aliyeitwa William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alisema haiwezekani kuwe na theluji karibu na Ikweta, akashikilia hivyo kwa miaka. Mabishano yalipungua tu baada ya Karl Klaus von der Decken, mtu wa tabaka la mabwanyenye wa Ujerumani, kupanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na tena 1862 akaleta habari zilezile. Kwa hiyo yale ambayo mchunga ng'ombe wa Machame aliyaona kila asubuhi akitoka nje yalihitaji zaidi ya miaka kumi ili yaaminiwe katika mji huu.

MEYER NA WALIOMBEBA

Hans Meyer alitoka katika familia ya wachapishaji wa vitabu huko Leipzig. Alijaribu mara tatu. Mwaka 1887 alifika kwenye barafu akashindwa kuendelea. Mwaka 1888 alikuja tena pamoja na Oscar Baumann, lakini hawakuufikia mlima. Pwani ilikuwa imewaka moto wa vita, watu wakipinga kampuni ya Kijerumani iliyokuja kuchukua bandari na ushuru. Meyer na mwenzake walikamatwa, wakafungwa minyororo, na wakaachiwa baada ya kulipa fidia kwa Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo.

Mara ya tatu, mwaka 1889, alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari kutoka Austria. Safari hii alikuwa amejifunza jambo moja kubwa: mlima unawashinda watu kwa njaa kabla ya kuwashinda kwa urefu. Akapanga kambi kwa ngazi. Chini kabisa ilikuwa Marangu, kwa Mangi Marealle, aliyempokea na kumpa hifadhi. Juu yake ikawekwa kambi ya kati, na juu zaidi kambi ya kwenye uwanda ulio baina ya Kibo na Mawenzi. Kila baada ya siku chache wapagazi walipanda na chakula na kuni, wakashuka, wakapanda tena.

Kambi ya juu kabisa alikaa nao mtu mmoja kutoka Pangani, jina lake Mwini Amani. Fikiria mtu wa pwani, aliyezaliwa kwenye minazi na joto la mto, akiwa amekaa zaidi ya meta 4,000 juu, usiku maji yanaganda, akipika na kulinda kambi huku Wazungu wawili wakienda na kurudi kwenye barafu. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa wamechoka hoi, wakaona kumbe sehemu ya juu zaidi iko mbele, wakarudi kambini. Tarehe 6 Oktoba 1889 wakafika. Meyer akasimika bendera ya Ujerumani, akapaita Kaiser-Wilhelm-Spitze, yaani kilele cha Kaisari Wilhelm, na ramani za Berlin zikaanza kuandika kwamba hapo ndipo mahali pa juu kuliko pote katika dola ya Kijerumani. Akachukua na jiwe kutoka kileleni, akampelekea Kaisari.

Miezi miwili baadaye, Desemba 1889, Bushiri alinyongwa Pangani, mjini kwao Mwini Amani. Ndiyo maana sisi hatuwezi kuisoma habari ya kupandwa kwa Kibo kama habari ya michezo. Bendera iliyopanda mlimani na kamba iliyofungwa Pangani zilitoka mkono mmoja, mwaka mmoja. Na maji yanayotoka Kilimanjaro, ukiyafuata mto hadi mwisho, yanaingia baharini hapo hapo Pangani.

Lipo jina jingine ambalo wazee wa Marangu hawataki lisahauliwe: Mzee Yohani Kinyala Lauwo. Mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka 100 ya safari ya Meyer, mzee huyu alipewa heshima kama mmoja wa walioiongoza safari ile. Alifariki mwaka 1996. Kitabu cha Meyer hakimtaji, na wapo waliohoji umri wake. Hakuna, hata hivyo, anayebisha kwamba alikuwa mwongozaji wa wageni mlimani kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Na ubishi wenyewe una funzo lake. Aliyeajiri ana kitabu chenye tarehe. Aliyeajiriwa ana mdomo wake tu, na watu wanauliza ushahidi.

MANGI MELI

Kupandwa kwa kilele hakukuwa kutawaliwa kwa mlima. Mpaka ulikuwa umekwisha kuchorwa Ulaya mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana, na Kilimanjaro ukaangukia upande wa Wajerumani. Mtasikia watu wakisema kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu lakini si kweli. Huyo mjukuu hakuwa hata amekuwa Kaisari mwaka huo. Mlima uligawanywa mezani na maofisa, kama vilivyogawanywa vingine.

Wenyeji hawakuwapo mezani. Huko Moshi, ile ambayo leo tunaiita Old Moshi, mangi alikuwa Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, mtu mjanja wa siasa aliyejua kuongea na kila mgeni. Alipofariki mwaka 1891, mwanawe Meli, kijana, akashika nafasi. Mwaka 1892 Wajerumani walimshambulia, na Meli akawashinda. Kamanda wao akauawa, nao wakaondoka mlimani. Walirudi mwaka uliofuata na jeshi kubwa zaidi.

Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa hadharani, pamoja na viongozi wengine, miongoni mwao Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Kichwa chake kilikatwa, na familia inaamini kilipelekwa Ujerumani, wakati ambapo mafuvu ya Waafrika yalikuwa yakikusanywa na kupelekwa makumbusho ya huko kwa ajili ya kile kilichoitwa sayansi. Familia yake imelitafuta fuvu hilo kwa miongo mingi, ikaandika barua, ikatoa vipimo vya damu. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya baadhi ya mafuvu kutoka Kilimanjaro vimelingana na vya ndugu walio hai. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Old Moshi kuna sanamu ya Meli karibu na mti uliotumika kumnyonga, na watu huenda pale.

Tunawaeleza watoto habari hii ngumu kwa sababu moja. Msiba ambao maiti yake haijazikwa kamili, kwa desturi za kwetu, ni msiba ambao haujaanuliwa tanga. Historia ya mlima huu, kwa familia hizo, si jambo la zamani.

MAJINA KWENYE RAMANI

Waingereza waliingia Moshi mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, wakaitawala Tanganyika baada ya Wajerumani kushindwa. Utawala ukabadilika, jina la kilele halikubadilika. Katika miaka yote ya Waingereza, wapandaji waliendelea kupanda hadi kwa Kaiser Wilhelm. Walipofika njiani walilala katika kibanda cha Bismarck, kisha kibanda cha Peters, yule Carl Peters aliyekuja na mikataba yake ya hila mwaka 1884 na ambaye ukatili wake katika eneo hilohilo la Kilimanjaro ulimfukuzisha kazi hata kwa Wajerumani wenzake.

Majina mapya yaliongezwa. Kituo cha kwanza kwenye ukingo wa kreta kikaitwa Gillman, kwa jina la mhandisi Clement Gillman aliyefika pale mwaka 1921. Kingine kikaitwa Stella, kwa jina la Stella Latham aliyefika na mumewe mwaka 1925. Kreta yenyewe ikapewa jina la Richard Reusch, mmisionari aliyepanda mara nyingi na ambaye mwaka 1926 alimkuta chui aliyekufa akagandishwa ukingoni. Ukisoma ramani ya miaka ile ungedhani Uchagani hakukuwa na Mchaga.

Wakati huohuo, chini kidogo, Wachaga walikuwa wakifanya historia yao. Walikuwa na mifongo, ile mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu kutoka kwenye mito ya msituni hadi kwenye vihamba vya migomba. Walipoanza kulima kahawa na walowezi wakaona wivu, walijiunga. Mwaka 1925 wakaunda chama cha wakulima wa kahawa wenyeji, rais wake akiwa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama cha ushirika ambacho wengi wetu wenye asili ya Moshi tunakifahamu kwa sababu fedha zake ndizo zilizowasomesha wazazi wetu. Watu walijifunza katika ushirika kuweka hesabu, kuchagua viongozi na kumhoji mkubwa, kabla ya kuwa na kura ya taifa.

USIKU WA MWENGE

Tarehe 22 Oktoba 1959, Mwalimu Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, uwape tumaini waliokata tamaa, ulete upendo mahali penye chuki na heshima mahali penye dharau. Alisema hayo wakati nchi bado haijapata uhuru, akiwa bado hana serikali. Wapo waliodhani ni maneno ya kupamba hotuba.

Miaka miwili baadaye yalitekelezwa kama yalivyosemwa. Luteni Alexander Nyirenda, ofisa kijana wa jeshi, alipewa kazi ya kupandisha mwenge na bendera. Jeshi lenyewe lilikuwa katika kubadilika jina: jana King's African Rifles, leo Tanganyika Rifles. Usiku ule, katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, mbele ya Prince Philip aliyemwakilisha Malkia, taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa, na taa zilipowashwa tena ilikuwa ikipepea bendera ya kijani, nyeusi na dhahabu. Kule kaskazini, Nyirenda aliisimika bendera hiyohiyo kileleni na mwenge ukawaka. Picha yake akiwa na bendera imekuwa katika vitabu vya shule kwa vizazi. Wazazi mliosoma miaka ya sabini na themanini mnaikumbuka.

Kilele kikaitwa Uhuru. Vibanda navyo vikapata majina mengine. Bismarck kikawa Mandara, lile jina la Mangi Rindi. Peters kikawa Horombo, jina la mangi wa Keni aliyejaribu kuwaunganisha Wachaga wa mashariki mwanzoni mwa karne ya 19. Tazama jinsi ilivyo: mpandaji wa leo anayepita njia ya Marangu, hata kama hajui neno la Kiswahili, analala kwa Mandara, analala kwa Horombo, kisha anakwenda Uhuru. Gillman na Stella walibaki kwenye ramani, na Reusch pia. Hatuoni ubaya. Waliopanda walipanda. Lililoondolewa ni jina la mtawala na la mtesaji.

Wenzetu wa Zanzibar, ambao ni sehemu kubwa ya jumuiya yetu, wana tarehe zao: uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964, na Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Nembo tunayoitundika ni ya nchi zote mbili. Ndiyo maana yule mwanamume aliyesimama mlimani ana mkarafuu miguuni. Mwaka huo huo wa 1964 Mwenge wa Uhuru ulianza kukimbizwa nchini, mkoa hadi mkoa, na unakimbizwa hadi leo.

HIFADHI NA MAJIRANI ZAKE

Mwaka 1973 sehemu ya mlima iliyo juu ya meta 2,700 ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977. Mwaka 1987 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2005 msitu wote unaozunguka mlima ukaunganishwa na hifadhi.

Hapo pana jambo ambalo ndugu zetu wa vijijini wanalijua kuliko sisi. Tangu mwaka 1941 kulikuwa na ukanda wa msitu, maarufu kwa jina la nusu maili, uliotengwa ili wananchi wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao. Ukanda huo nao uliingia katika hifadhi. Msitu unahitaji kulindwa, maana ndio unaonasa mvua na ukungu unaolisha mito; humo mwaka 2016 ulitangazwa mti wa mkukusu wenye urefu wa meta 81.5, mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Lakini mama anayefuga ng'ombe wawili kwenye kihamba kidogo anahitaji majani leo jioni. Mambo yote mawili ni ya kweli, na mazungumzo kati ya vijiji na hifadhi yameendelea miaka hii yote. Oktoba 2020, moto mkubwa ulipowaka mlimani, waliopanda kusaidiana na askari wa hifadhi kuuzima walikuwa mamia ya watu wa kujitolea, wakiwemo wanakijiji na wanafunzi.

Barafu nayo inakwisha. Wanasayansi waliopima wamesema kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya Kibo ilitoweka. Babu zetu waliuona mlima umevaa kofia. Watoto wetu wanaoutembelea sasa wanaona vipande. Wajukuu zao huenda wakaoneshwa picha.

Na wapagazi bado wapo. Mlimani huitwa wagumu, na jina limewafaa. Makumi ya maelfu ya wageni wanaopanda kila mwaka hawabebi mahema yao wala majiko yao wala maji yao. Sheria ya hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na uzito hupimwa langoni. Ujira wao, viatu vyao na chakula chao vinategemea kampuni iliyowaajiri, na kampuni hazilingani. Kama kuna familia kati yetu inayojiandaa kupanda, na tunajua zipo zinazochangisha fedha za hisani kwa njia hiyo, tunaomba mwulize swali moja kabla ya kulipa: wapagazi wenu mnawalipa kiasi gani kwa siku, na wanalala wapi? Mkifika, waulizeni majina yao, muyaandike.

KWA WATOTO WETU

Wachaga wanapomiminika kwenda nyumbani kila Desemba, Watanzania wengine huwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo una ukweli ndani yake. Mtu huenda nyumbani ili aonekane kuwa yupo, jina lake litajwe, ajulikane ni mtoto wa nani. Sisi tulio mbali hatuwezi kwenda kila mwaka. Nauli ya Desemba mnaijua wenyewe. Lakini kuhesabiwa si lazima uwe na tiketi.

Tunawaomba watoto wafanye jambo dogo likizo hii. Mpigieni simu babu, bibi, mjomba au shangazi, awe Moshi, Mtwara, Kigoma au Pemba. Mwulizeni: mlima, mto au kisiwa kilicho karibu na kwetu kilikuwa kinaitwaje zamani, na nani alikibadilisha jina? Mwulizeni usiku wa Uhuru alikuwa wapi, au wazazi wake walimsimulia nini. Andikeni jibu kwa Kiswahili, hata kama kina makosa, mtuletee. Kamati itayachapisha katika toleo lijalo. Siku hizi hata mlimani intaneti imefika. Mwaka 2022 mtandao uliwekwa hadi Horombo, meta 3,720 juu. Hatuna tena kisingizio cha umbali.

Na mwalimu akiuliza nani aliyeufikia Kilimanjaro kwanza, mtoto wetu ajibu kwa adabu: Rebmann aliongozwa na Bwana Kheri. Kabla yake Sabaya wa Machame alikwisha kuigusa ile baridi. Meyer alilishwa na wapagazi na kulindiwa kambi na Mwini Amani wa Pangani. Mangi Meli aliutetea mlima akafa kwa ajili yake. Na tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliwasha mwenge juu yake.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Tunawakaribisha nyote ukumbini, watu wa bara na wa visiwani, waliokuja jana na waliozaliwa hapa.

Heri ya Siku ya Uhuru.

Kamati ya Jarida